Na ubao je, mwalimu?

Mwaka 2008 nilikuwa na miezi minne tu kazini, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya kata kisiwani Mafia, na tayari nilikuwa nimemwambia mtoto wa watu akae chini kwa sababu swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Tulikuwa kwenye ile mada ya elimu ya anga ya kidato cha nne, ambayo walimu wengi huipitia mbiombio kwa kuwa inaangukia mwishoni na mtihani uko mlangoni. Nami nikaipitia hivyo hivyo. Nilichora duara kubwa ubaoni, nikatia vidoto vya chaki ndani yake, nikasema: huu ndio ulimwengu, hivi vidoto ni galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, na hapa kwenye mstari ndio mwisho. Kutoka kwetu hadi hapo ni miaka ya nuru bilioni 13.7, mwaka mmoja wa nuru ukiwa ni umbali ambao nuru huukata kwa mwaka. Namba hiyo niliitoa kwenye daftari langu la chuo, nikaiandika kwa mbwembwe na kuipigia mistari miwili chini.

Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nje ya duara kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Na ubao je, mwalimu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Lakini yeye hakuwa anatania. Alikuwa anauangalia ubao wenyewe, ule weusi uliobaki nje ya duara langu, wenye ufa upande wa kulia na tarehe ya wiki iliyopita iliyofutwa vibaya. Kwake yeye duara lilikuwa limechorwa juu ya kitu, na kitu hicho kiliendelea baada ya mstari. Nilihisi masikio yananiwaka. Nilikuwa kijana, na niliogopa sana kuonekana sijui. Nikamwambia akae chini, asilete mzaha darasani. Akakaa. Nikaendelea na kupatwa kwa mwezi.

Siku chache baadaye, Jumamosi, nilikwenda kutafuta madafu. Kijiji kile kiko upande wa mashariki wa kisiwa, unaotazama maji makuu. Ukishauvuka mwamba hukutani na nchi kavu mpaka mbali sana. Mkwezi niliyemkuta alikuwa mtu mzima, mkavu kama kamba, panga kiunoni, akipanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Mnazi wenyewe haukupungua mita 15. Mimi nimesimama chini nikisubiri dafu lishuke, badala yake ikashuka sauti.

"Kuna tanga linakuja!"

Nikatazama baharini. Hapakuwa na kitu. Maji, mstari ulionyooka, mbingu. Nikadhani ananichezea, mgeni mimi. Akaangua madafu manne, akashuka, akanichongea la kwanza. Tukakaa tukazungumza habari za bei ya nazi, na jinsi vijana wa siku hizi wanavyoogopa kukwea. Nilikuwa nimeshafika dafu la pili, pengine nusu saa imepita, aliponionyesha kwa ncha ya panga. Palepale kwenye mstari kilikuwa kimechomoza kitu, kama jino la mtoto linapotoboa ufizi. Ilikuwa ncha ya foromali. Kisha tanga, kidogo kidogo. Mwili wa mashua ulikuja mwisho kabisa, kana kwamba ulikuwa unapanda ngazi kutoka majini.

"Wewe ndiye mwalimu wa fizikia," alisema, wala hakuwa anauliza. "Binti yangu anasema umewachorea mwisho wa ulimwengu."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi mwisho nauona kila siku. Nikipanda, unakwenda mbele. Nikishuka, unanifuata." Akacheka, akafuta panga kwenye kumbi la nazi, akaenda mnazi mwingine.

Usiku ule nilikaa na koroboi nikapiga hesabu ambayo ningeweza kuwafundisha wanafunzi tangu siku ya kwanza. Mtu aliyesimama ufukweni, macho yake yakiwa mita 1.7 juu ya maji, anaona hadi kilomita 4.7 hivi. Mpandishe mita 15 juu ya mnazi, ataona hadi karibu kilomita 14. Bahari ni ileile, haijaongezeka hata tone. Na Kiswahili kimeshaliamua jambo hili zamani: mstari ule tunauita upeo wa macho. Ni mali ya macho, si mali ya bahari. Hakuna mvuvi anayeogopa kufika hapo akaanguka. Mimi niliyesomea kwa Kiingereza, ninayefundisha kwa Kiingereza na kuchomekea Kiswahili mkaguzi akiwa hayupo, nilikuwa nimewachorea watoto ukingo, kama wa meza.

Likizo ya Juni nilipanda chombo hadi bara, nikafika Dar es Salaam, nikashinda siku mbili kwenye intaneti kafe moja ya Kariakoo nikilipia kwa saa. Niliyoyakuta yalinishusha. Ile bilioni 13.7 haikuwa umbali wa mwisho wowote. Ilikuwa umri.

Nuru, pamoja na mbio zake zote, inakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, si zaidi. Kutoka mwezini inatumia sekunde 1.3. Kutoka kwenye jua, dakika 8 na sekunde 20. Jua likizimika sasa hivi, una muda wa kumaliza chai yako bila kujua lolote. Kwa hiyo kutazama mbali ni kutazama zamani. Na kwa kuwa ulimwengu kama tunavyoujua ulianza miaka bilioni 13.7 iliyopita (mwaka 2013 vipimo vya setilaiti ya Planck viliisogeza namba hiyo hadi 13.8), kuna nuru ambayo bado iko njiani. Haijapata muda wa kutufikia. Mahali ambapo nuru iliyosafiri muda wote huo inakomea kuonekana, ndipo mstari wetu ulipo. Ni mstari wa upeo, tena wa upeo wetu sisi. Aliyeko kwenye galaksi nyingine ana wake, yeye akiwa katikati, kama kila mashua ilivyo katikati ya duara lake la maji.

Hilo nililielewa siku ya kwanza. Siku ya pili nikakutana na namba iliyonifanya nidhani aliyeandika kakosea: vile vilivyoko kwenye upeo huo, sasa hivi viko umbali wa miaka ya nuru kama bilioni 46. Itakuwaje? Nuru imesafiri miaka bilioni 13 na kitu, chanzo chake kiko mbali zaidi ya mara tatu ya hapo? Niliongeza saa nyingine mbili nikachelewa daladala. Jibu ni kwamba barabara yenyewe ilikuwa inarefuka wakati msafiri yuko njiani. Nafasi kati ya galaksi na galaksi inatanuka. Nuru ilipokuwa inakuja kwetu, kule ilikotoka kulizidi kwenda mbali.

Niliporudi Mafia niliomba tyubu kuukuu kwa fundi baiskeli. Nikakata ukanda, ule wanaotengenezea manati, nikautia vidoto vitano vya chaki, kila kimoja sentimita 2 kutoka kwa mwenzake. Nikamwita mwanafunzi ashike ncha moja, mimi nyingine, tukavuta hadi urefu ukawa mara mbili. Wakapima kwa rula. Kidoto cha jirani kilikuwa sentimita 2, sasa 4. Cha pili yake kilikuwa 4, sasa 8. Cha tatu kilikuwa 6, sasa 12. Kwa muda uleule, wa jirani amesogea 2, wa mbali amesogea 6. Aliye mbali anakimbia zaidi, ingawa hakuna kidoto kilichoinua mguu. Nikawaambia waanzie kupima kwenye kidoto kingine chochote wanachotaka. Majibu yakawa yaleyale. Kila kidoto kinajiona ndicho katikati na wengine wote wanakikimbia. Mwaka 1929 Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mount Wilson kule California, alionyesha kwamba galaksi zinafanya hivyo hivyo. Padri mmoja Mbelgiji, Georges Lemaître, alikuwa ameshaliandika jambo hilo miaka miwili kabla.

Nilikuwa najisikia mwalimu kwelikweli, mpaka mvulana mmoja wa nyuma akasema: "Lakini mwalimu, mpira una ncha mbili, na ninyi ndio mmezishika."

Safari hii sikumwambia mtu akae chini. Nilikwenda ofisini nikaleta tyubu nyingine, nzima, isiyokatwa. Nikawaambia, haya, nionyesheni ncha ya hii. Mdudu akitembea humu atazunguka mpaka achoke, hatakutana na ukingo, na bado urefu wa tyubu unahesabika. Kitu kinaweza kuwa na kipimo bila kuwa na ukingo. Hata dunia yenyewe iko hivyo: ukitoka Kilindoni, bandari yetu ya Mafia, ukielekea mashariki bila kukata kona, utarudi Kilindoni ukitokea magharibi, na hakuna ukuta wowote utakaokuwa umeugonga.

Hapo ndipo ningependa kusema kwamba nilimgeukia yule binti wa dirishani. Nilisahihisha namba ubaoni, ndiyo. Nilisema mbele ya darasa zima kwamba nilichanganya umri na umbali. Lile la kumkalisha chini sikuligusa. Na yeye tangu siku ile hakunyoosha mkono tena katika kipindi changu, mpaka alipofanya mtihani wake na kuondoka. Nilimwona akiandika. Alipima vidoto kama wenzake. Mdomo alifunga.

Baadaye nikasoma kwamba swali lake lilikuwa na umri mkubwa kuliko lugha hii tunayoandikia. Archytas wa Tarentum, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliuliza: nikisimama kwenye ukingo wa ulimwengu, naweza kunyoosha fimbo yangu mbele au siwezi? Ikipita, basi pale si mwisho. Ikizuiwa, basi kuna kitu kilichoizuia, na chenyewe kiko nje. Aristotle alishika msimamo kwamba ulimwengu una kikomo na nje yake hakuna hata hiyo "nje", wala mahali wala utupu. Binti wa mkwezi aliukuta ubishi huo peke yake, kwa kuangalia mti uliopakwa rangi nyeusi. Kila nikikumbuka, masikio yananiwaka upya.

Na baba yake ndiye aliyenifundisha sehemu iliyobaki. Ilikuwa Desemba, kaskazi imeshaingia, kama saa tatu usiku, giza la kijiji kisicho na umeme. Tulikuwa ufukweni na wavuvi wawili watatu waliokuwa wanasubiri maji yatoke. Kilimia, kile kifungu cha nyota, kilikuwa juu, na mmoja wao akatoa ile kauli ya wazee, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, wakaanza kubishana kama mwaka ule imesema kweli. Mimi nikawaonyesha upande wa kaskazini kijiwingu chembamba, hafifu kama pumzi kwenye kioo. Hiyo ni galaksi ya Andromeda. Nuru tuliyokuwa tunaiona iliondoka kule miaka kama milioni 2.5 iliyopita. Al-Sufi, mnajimu Mwajemi, alishaiandika katika kitabu chake cha nyota mwaka 964, akaiita wingu dogo. Upande wa kusini vilikuwepo vijiwingu vingine viwili, hivi vinavyoitwa Mawingu ya Magellan. Wavuvi walikuwa wanavijua vizuri kuliko mimi. "Hayo mawingu hayaendi na upepo," mmoja akaniambia.

Hivyo vijiwingu viwili vina habari yake. Kwa kupitia picha za kijiwingu kidogo kati yao, mwanamke mmoja kule Harvard, Henrietta Leavitt, aliyekuwa ameajiriwa kuhesabu na kupima nyota kwenye vioo vya picha, alichapisha mwaka 1912 matokeo ya nyota 25 zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Aligundua kwamba nyota inayochukua siku nyingi kumaliza mzunguko wake ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Maana yake, ukihesabu siku unajua ukali halisi wa taa; ukijua ukali wa taa na ukaona jinsi inavyofifia machoni, unajua iko umbali gani. Hubble aliipata nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda mwaka 1923. Kabla ya hapo mabingwa wengi walikuwa wanaamini kwamba Njia Nyeupe, galaksi yetu hii, ndiyo ulimwengu wote. Walikuwa na ukingo wao, wenye sababu zake na hesabu zake. Ukaondolewa na nyota moja.

Sasa yule mzee akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Mwalimu, kama nyota haziishi, mbona usiku ni mweusi?"

Swali hilo lina historia ndefu. Kepler, mnajimu Mjerumani, aligusia mwaka 1610, na linabeba jina la Olbers, daktari Mjerumani aliyeliandikia mwaka 1823. Lakini pale ufukweni sikuwa na haja ya Olbers. Nyuma yetu kulikuwa na shamba la minazi. Nikamwambia, mzee, ukisimama katikati ya shamba dogo, kati ya shina na shina unaona nini? Bahari. Na shamba likiwa kubwa sana? Akafikiri. "Mashina tu. Penye mwanya unaona shina la nyuma." Basi, nikasema, mbingu nazo zingekuwa hivyo. Kama shamba la nyota halina mwisho, na lilikuwepo tangu milele, kila mahali tunapotazama macho yangegonga nyota, na usiku wote ungewaka kama uso wa jua.

"Kwa hiyo shamba ni dogo."

Kepler naye alisema hivyohivyo. Nikamwambia kuna njia nyingine: inawezekana shamba ni kubwa mno, hata halina mwisho, ila ni changa. Minazi ya mbali ipo, habari zake hazijatufikia. Ndivyo wanavyosema wanajimu wa leo. Weusi wa usiku ni ushahidi wa umri kuliko wa ukubwa. Mzee alinyamaza kidogo, halafu akasema kitu nilichokipenda: "Basi giza nalo ni upeo."

Tena hata giza lenyewe si tupu. Mwaka 1964, kule New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wanahangaika na antena kubwa yenye umbo la pembe iliyokuwa inatoa mvumo usiokoma, usiku na mchana, kila upande wa mbingu. Walifukuza njiwa waliojenga ndani, wakasafisha mavi yao, mvumo ukabaki. Ilikuwa nuru ya kale kuliko zote, iliyoachiliwa ulimwengu ulipokuwa na miaka kama 380,000 tu, imetanuliwa na safari mpaka imekuwa mawimbi ya redio yenye joto la nyuzi 2.7 juu ya baridi ya mwisho kabisa. Kabla ya huo wakati ulimwengu ulikuwa kama ukungu mzito, nuru haikupenya. Hapo ndipo macho ya darubini zote za nuru hukomea. Wanaokumbuka televisheni za chogo watakumbuka zile chenga za kituo kisichoshika. Sehemu ndogo ya chenga zile ilikuwa inatoka huko. Kijijini tulizitazama sana, tukisubiri mpira, tukimlaumu mwenye kibanda.

Mwaka 2014 nilikwenda harusini Malindi, nikapelekwa kutembea hadi Ngomeni. Pale baharini yamesimama majukwaa ya chuma ya San Marco, ya Waitaliano, kama meza zilizosahauliwa majini. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kupima mbingu kwa mionzi ya eksirei. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Ilidumu zaidi kidogo ya miaka miwili ikaorodhesha vyanzo 339, pamoja na gesi ya moto iliyojaa kati ya galaksi mahali ambapo macho ya kawaida yanaona utupu. Mwenyeji wangu alishangaa kuniona nimeduwaa mbele ya vyuma vyenye kutu. Sikujua nimweleze nini. Nilikuwa naona mnazi.

Lakini mfano wa mnazi nao una pa kukomea, na ni haki niseme. Baharini, ukipanda juu zaidi unaona mbali zaidi, siku zote. Ulimwengu haukubali hivyo. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaliyokuwa yanapima nyota zilizolipuka mbali sana yaligundua kwamba kutanuka hakupungui kasi, kunaongezeka. Waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2011 ni Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess. Matokeo yake ni kwamba galaksi iliyoko zaidi ya miaka ya nuru bilioni 16 hivi kutoka kwetu, nuru inayoiacha leo hii haitatufikia kamwe, hata tungoje milele. Ile ya zamani tunaiona. Ya leo, basi tena. Ni kama mashua ambayo tanga lake bado unaliona, lakini kila neno linalopigiwa kelele humo kuanzia sasa linamezwa na upepo. Hakuna mnazi wa kutosha.

Na ng'ambo ya upeo kuna nini? Kwa jinsi vipimo vilivyo, hasa vya Planck, nafasi inaonekana kuwa bapa: ukichora pembetatu ya ukubwa wa mbingu, pembe zake zinajumlishwa kuwa 180 kama za daftarini, hitilafu ikiwa chini ya asilimia moja. Ulimwengu bapa unaweza kuwa hauna mwisho. Unaweza pia kuwa umejikunja kama tyubu yangu bila kuonyesha kona, ukubwa wake ukiwa umeupita upeo wetu mara nyingi. Mimi binafsi naegemea upande wa kutokuwa na mwisho, lakini huo ni mwelekeo wa moyo tu, sina cha kumwonyesha mkaguzi. Ukingo wa aina ya meza, ule niliouchora, hakuna kipimo hata kimoja kilichowahi kuuona.

Mwaka jana nilikuwa kwenye boti ya kwenda Nyamisati, bandari ya upande wa bara. Tulitoka Kilindoni asubuhi, maji yamejaa. Mwanamke aliyekaa benchi la mbele akageuka, mtoto amelala mapajani.

"Shikamoo, mwalimu. Hunikumbuki."

"Marahaba." Nilimkumbuka kabla sijamaliza kuitikia. Amesomea uuguzi, yuko kazini bara, alikuwa amekuja kumwona baba yake, ambaye siku hizi hapandi tena. Nikamwambia nina deni lake la miaka mingi, la swali la ubao. Akanitazama.

"Swali sikumbuki, mwalimu. Nakumbuka uliniambia nikae chini."

Injini ilikuwa inapiga kelele, ikabidi niseme kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, abiria wengine wanasikiliza: kwamba nilikosea, kwamba nilikuwa sijui na niliona aibu, kwamba anisamehe. Akasema yameshapita. Kisha, kwa kuwa safari ni ndefu na mtu hana pa kukimbilia, nikamweleza: mstari, nuru, tyubu, shamba la baba yake. Alisikiliza huku akimkinga mtoto na jua kwa kona ya kanga.

"Sasa na hao walioko kule kwenye upeo wetu," akasema, "kama wapo. Wakitazama huku, wanatuona sisi ndio mwisho?"

Wanauona ukungu, nikamwambia. Hapa tulipo, kwao, hakuna Mafia, hakuna jua, hakuna hata galaksi. Kuna ukungu wa moto wa siku za mwanzo. Sisi ndio upeo wao.

"Na wao wakija kujua tupo?"

Nikaanza kutafuta namba kichwani, nikaacha. Nikamwambia hilo sijalifikiria. Akatabasamu, akageuka kutazama nyuma tulikotoka, nami nikageuka. Mashina ya minazi ya Mafia yalikuwa yameshazama. Yalikuwa yamebaki makuti tu, yameelea juu ya maji.